Domingo Faustino Sarmiento: Kalamu, Shule na Mzabibu

Domingo Faustino Sarmiento alizaliwa tarehe 15 Februari 1811 mjini San Juan, Ajentina, chini ya safu ya milima ya Andes. Wasomi wa fasihi aghalabu humtambua kama mwandishi wa Facundo, kitabu alichokichapisha mwaka 1845. Wanahistoria nao humtambua kama rais wa Ajentina kati ya 1868 na 1874. Ni nadra kukumbukwa kwamba mtu huyu ndiye aliyefungua njia ya divai nyekundu ya milimani, ambayo leo ni fahari ya mkoa wa Mendoza.

Alilelewa katika uhitaji. Mamake, Paula Albarracín, alifuma nguo na kujenga nyumba kwa mapato ya ufumaji huo. Mtoto hakufika chuo kikuu; sehemu kubwa ya elimu yake aliipata kwa kujisomea. Kwa kuwa aliupinga udikteta wa Juan Manuel de Rosas, alilazimika kuishi uhamishoni nchini Chile. Huko, mwaka 1842, akawa mkuu wa kwanza wa chuo cha ualimu cha Santiago. Mwaka uliofuata alipendekeza kwamba tahajia ya Kihispania ifuate matamshi ya Waamerika wenyewe, si ya Uhispania. Kati ya 1845 na 1848 alizuru Ulaya, Afrika Kaskazini na Marekani kuchunguza mifumo ya elimu.

Rosas alipopinduliwa mwaka 1852, Sarmiento aliihimiza serikali ya Mendoza kuanzisha shamba la majaribio na shule ya kilimo, kwa mfano wa lile alilolifahamu Santiago. Mswada uliwasilishwa katika baraza la mkoa tarehe 17 Aprili 1853. Uongozi ulikabidhiwa Mfaransa Michel Aimé Pouget, mtaalamu wa kilimo. Kabla ya hapo, wenyeji walitegemea zaidi zabibu za Criolla zilizotokana na mbegu ya Wahispania, ambazo divai yake ilikuwa ya kawaida tu. Pouget alileta vipandikizi vya Kifaransa, vikiwemo vya Malbec, zabibu nyeusi ya kusini-magharibi mwa Ufaransa.

Malbec ilistawi Mendoza kwa sababu ya mwinuko. Mashamba ya Luján de Cuyo yamo karibu na mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na katika Bonde la Uco mengine yamevuka mita 1,400. Mchana jua ni kali, na ganda la zabibu hujikinga kwa kuwa nene na jeusi zaidi. Usiku baridi huingia, na ukali wa tunda haupotei. Ikumbukwe kwamba wekundu wa divai hautoki katika maji ya zabibu bali katika maganda. Ndiyo maana zabibu zikishapondwa huachwa zichache pamoja na maganda yake kabla ya kukamuliwa. Kwa hivyo jua na baridi ya mlimani huonekana katika rangi ya divai na kuonjeka katika ladha yake.

Hata hivyo, wasifu wa sifa tupu ni sawa na tembo lililotiwa maji. Mendoza hupata takriban milimita 200 tu za mvua kwa mwaka. Mizabibu huishi kwa theluji ya Andes inayoyeyuka na kupita katika mifereji, na waanzilishi wa mifereji hiyo ni Wahuarpe, wenyeji waliolima huko kabla ya Wahispania kufika. Sarmiento, ambaye katika Facundo aliugawa ulimwengu wake katika ustaarabu wa mijini na ushenzi wa mbugani, aliwadharau wenyeji asilia pamoja na wagaucho, yaani wachungaji wapanda farasi. Mwaka 1861 alimwandikia Bartolomé Mitre akimshauri asiwahurumie wagaucho. Aidha, mwaka 1863 kiongozi wao Ángel Vicente Peñaloza alipouawa baada ya kujisalimisha, Sarmiento, aliyekuwa gavana wa San Juan, aliliunga mkono tendo hilo. Ustaarabu alioutaka ulinyweshwa kwa maji ya mifereji ya watu aliowahesabu kuwa hawana ustaarabu.

Akiwa rais aliongeza shule kwa kasi, akaanzisha chuo cha ualimu cha Paraná mwaka 1870, na akawaalika walimu wa kike kutoka Marekani. Reli ilifika Mendoza mwaka 1885, na divai ikapata soko la Buenos Aires. Sarmiento alifariki tarehe 11 Septemba 1888 mjini Asunción, Paragwai.

Tarehe mbili za maisha yake zingali zinaadhimishwa. Tarehe 11 Septemba ni siku ya walimu nchini Ajentina, na tangu 2011 tarehe 17 Aprili ni siku ya Malbec duniani. Wahuarpe waliochimba mifereji hawana tarehe yao katika kumbukumbu hizo. Msomaji wa Facundo ana wajibu wa kuyaweka yote mawili katika mizani: kipandikizi alicholeta mwalimu huyu, na maji ambayo hakuyaleta yeye.