Paul Langevin: Mwanafizikia aliyemrusha msafiri angani, Dunia ikazeeka miaka 200

Kila tunapozungumza hewani kuhusu filamu za safari za anga za mbali, swali linalorudi ni lile lile. Hivi inawezekana kweli baba aondoke, arudi bado kijana, amkute binti yake ajuza aliyelala kitandani akisubiri kufa? Wengi wameliona hilo katika Interstellar ya mwaka 2014. Waliotangulia kidogo wanaikumbuka Planet of the Apes ya mwaka 1968, ambamo wanaanga wanasafiri miezi kadhaa kwa saa yao na kumbe Duniani imepita miaka elfu mbili.

Jibu letu fupi ni ndiyo, inawezekana. Jibu refu lina mwenyewe. Si mtunzi wa filamu wala wa hadithi, ni profesa wa fizikia wa Paris aliyefariki mwaka 1946, Paul Langevin. Kwao Ufaransa shule na mitaa imepewa jina lake. Huku kwetu anatajwa mara chache, kwa sababu hadithi yote ya muda kunyumbulika huwa tunamwachia Albert Einstein peke yake.

Langevin alizaliwa Paris Januari 1872, katika familia isiyo na mali. Akiwa na miaka 16 aliingia shule ya fizikia na kemia ya jiji hilo, na mwalimu wake wa maabara alikuwa Pierre Curie, yule ambaye baadaye pamoja na mkewe Marie waligundua radiamu. Mwalimu na mwanafunzi wakawa marafiki wa kudumu. Langevin alipitia pia Cambridge, Uingereza, katika maabara ya J. J. Thomson, mgunduzi wa elektroni, akapata udaktari mwaka 1902, na miaka michache baadaye alikuwa akifundisha Collège de France, mahali pa heshima kuliko pengi nchini mwake.

Mwaka 1905 Einstein alitoa nadharia yake ya uhusianifu. Kwa lugha ya kawaida, alisema kasi ya mwanga ni ile ile kwa kila anayeipima, na ili hilo liwe kweli, basi muda wenyewe hauendi sawa kwa wote. Langevin alikuwa miongoni mwa wa kwanza Ufaransa kuielewa na kuifundisha. Einstein mwenyewe aliandika baadaye kwamba kama yeye asingeifikia nadharia hiyo, Langevin angeifikia.

Safari ya Bologna

Aprili 1911 wanafalsafa wa nchi mbalimbali walikutana Bologna, Italia, na Langevin akaalikwa kuwaeleza habari za muda na anga. Fikiria kazi hiyo. Mbele yake wamekaa watu wasio na haja na milinganyo, na yeye anataka waamini kwamba saa mbili nzima, zisizo na hitilafu, zinaweza kuachana. Akawapa msafiri.

Mtu huyo, alieleza, anafungiwa ndani ya chombo kinachorushwa kutoka Duniani, mithili ya kile cha riwaya za Jules Verne. Kasi yake inapungua ile ya mwanga kwa sehemu moja tu kati ya 20,000. Mwanga hukimbia takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo msafiri wetu anazidiwa kama kilomita 15 tu katika kila sekunde. Anakwenda mwaka mmoja kwa saa yake, anafika kwenye nyota ya mbali, anageuza, anarudi mwaka mwingine. Anafungua mlango akiwa ameongeza umri wa miaka miwili. Dunia imeongeza 200. Kila aliyemuaga amekufa, na wajukuu wao wamekufa pia.

Hesabu hiyo haina mzaha, na yeyote mwenye kikokotoo anaweza kuirudia: kwa kasi ile, muda wa msafiri unakwenda mara 100 polepole kuliko wa nyumbani. Wala si saa tu inayochelewa. Mapigo ya moyo, ukuaji wa nywele, njaa, mawazo, vyote vinakwenda na saa. Ndiyo maana msafiri mwenyewe hahisi lolote. Langevin alitoa pia mfano wa vipande viwili vya radiamu, madini ambayo hupungua nguvu kadiri muda unavyopita. Kimoja kibaki maabara, kingine kisafirishwe kwa kasi kubwa na kurudishwa. Kilichosafiri kitakutwa na nguvu zaidi, kwa maana kimezeeka kidogo zaidi.

Sehemu inayotufurahisha zaidi sisi watu wa redio ni pale alipoeleza jinsi msafiri na Dunia wangepashana habari njiani kwa ishara. Tuibadilishe iwe matangazo. Msafiri anapokwenda, anayakimbia mawimbi yanayomfuata, kwa hiyo yanamfikia mara 200 polepole. Taarifa ya habari ya nusu saa ingemchukua zaidi ya siku nne kuimaliza, na kwa mwaka wake mzima wa kwenda asingepata matangazo ya siku mbili kamili. Akigeuza, mambo yanageuka. Sasa anayakimbilia mawimbi, na matangazo ya siku nzima yanampita kwa dakika saba hivi. Vita, ndoa, misiba na chaguzi za karne mbili zinammiminikia katika mwaka mmoja. Wa Duniani nao wangemwona akienda kwa uvivu kwa karibu miaka 200 yote, halafu safari nzima ya kurudi wangeiona katika siku mbili za mwisho.

Hapo ndipo filamu hizi zilipozaliwa, ingawa waandishi walikuja kuwaweka mapacha badala ya msafiri mmoja, na jina la mapacha ndilo lililoshika. Tuongeze jambo moja, maana huwa linachanganywa. Katika Interstellar, ile sayari ambayo saa moja ni sawa na miaka saba ya Duniani haitegemei mwendo. Kinachopunguza muda pale ni uvutano wa shimo jeusi lililo jirani, na hilo linatoka kwenye nadharia ya pili ya Einstein ya mwaka 1915. Msafiri wa Langevin alihitaji kasi tu.

Mwaka ule ule

Mwaka 1911 haukumwacha salama. Pierre Curie alikuwa amefariki mwaka 1906 kwa kugongwa na mkokoteni wa farasi, na Langevin, ambaye ndoa yake na Jeanne Desfosses ilikuwa na migogoro ya muda mrefu, alipendana na mjane, Marie. Novemba magazeti ya Paris yaliliandika jambo hilo, kisha barua za faragha zikachapishwa. Watu walikusanyika nje ya nyumba ya Marie kumzomea, naye ana mabinti wawili ndani. Aliitwa mgeni kutoka Poland aliyekuja kuvunja nyumba ya Mfaransa. Sisi wa vyombo vya habari hatuna cha kujivunia katika sura hiyo.

Langevin alimtaka mmoja wa wahariri wale, Gustave Téry, kwenye pambano la bastola, kama desturi ya waungwana wa wakati huo ilivyotaka. Walisimama uwanjani, Téry akakataa kumlenga mwanasayansi wa taifa, na hakuna risasi iliyotoka. Mwezi uliofuata Marie alikwenda Stockholm kupokea Tuzo yake ya pili ya Nobel. Uhusiano wao wa mapenzi haukudumu. Urafiki ulidumu.

Vita ya kwanza ya dunia ilipokuja, nyambizi za Kijerumani zilikuwa zikizamisha meli, na Langevin akapewa kazi ya kutafuta namna ya kuziona chini ya maji. Alitumia kwatzi, madini yale yale yaliyomo kwenye saa za mkononi, ambayo Pierre Curie na kaka yake Jacques waligundua kuwa hutoa umeme yakibanwa. Ukiyapa umeme, nayo hutikisika. Akatoa sauti kali isiyosikika na sikio, akaipeleka majini na kusikiliza mwangwi wake. Hiyo ni sona. Mvuvi anayetafuta samaki kwa mashine na mama mjamzito anayepimwa altrasaundi wote wanatumia njia ile ile.

Mwaka 1922, chuki dhidi ya Wajerumani ikiwa bado inanuka baruti, Langevin alimwalika Einstein Paris na akaenda mwenyewe hadi mpakani kumpokea. Katika ziara hiyo Einstein alikutana uso kwa uso na mwanafalsafa Henri Bergson, aliyekuwapo pia Bologna mwaka 1911. Bergson alikuwa hajaridhika na habari za yule msafiri. Kama mwendo ni wa pande zote mbili, na msafiri naye anaweza kusema ni Dunia iliyoondoka, basi kwa nini azeeke kidogo yeye na si sisi? Kwa maoni yake, wakikutana tena saa zao zingelingana.

Pingamizi hilo si la kijinga, na bado tunaletewa hadi leo. Lakini Langevin alikuwa na jibu tangu mwanzo: wawili hao hawako sawa, kwa kuwa mmoja tu ndiye aliyerushwa, akageuza na kufunga breki. Yeye aliuhisi mgeuko huo mwilini, Dunia haikuhisi kitu. Mwaka 1971 Wamarekani wawili, Hafele na Keating, walipanda ndege za abiria na saa za atomiki, wakaizunguka dunia mara mbili, mara moja kuelekea mashariki na mara moja magharibi. Saa zilirudi zikitofautiana na zile za nyumbani kwa makumi hadi mamia ya sehemu za bilioni moja za sekunde, kama hesabu ilivyotabiri. Bergson alikosea.

Vita ya pili

Langevin hakujifungia maabara. Mwaka 1934 alikuwa mmoja wa walioanzisha kamati ya wasomi wa kupinga ufashisti, na Wajerumani walipoiteka Paris walimjua. Oktoba 1940 walimkamata, mzee wa miaka 68, wakamfunga gereza la La Santé. Wanafunzi waliandamana siku chache baadaye wakitaka aachiwe. Alitolewa na kupelekwa mji wa Troyes, akae chini ya ulinzi.

Akiwa huko, familia yake ilivunjwa. Mkwewe Jacques Solomon, mwanafizikia pia, alipigwa risasi Mei 1942 katika ngome ya Mont-Valérien. Binti yake Hélène, mke wa Solomon, alisafirishwa Januari 1943 kwenda Auschwitz katika msafara wa wanawake 230. Waliorudi hai walikuwa 49. Langevin mwenyewe alitoroka mwaka 1944 na kuvuka kwenda Uswisi, akiwa na miaka 72.

Hélène alikuwa miongoni mwa wale 49. Alirudi mwaka 1945, na mwaka huo huo akachaguliwa mbunge, katika uchaguzi wa kwanza wa bunge ambao wanawake wa Ufaransa waliruhusiwa kupiga kura. Baba yake alikuwa amerudi Paris na kupewa jukumu la kupanga upya elimu ya nchi. Hakuimaliza kazi hiyo. Alifariki tarehe 19 Desemba 1946.

Mwaka 1948 mabaki yake yalihamishiwa Panthéon, jengo ambamo Ufaransa inawazika watu wake wakuu. Pierre na Marie Curie walimfuata humo mwaka 1995. Kufikia wakati huo familia hizo mbili zilikuwa zimekwisha kuoana: mjukuu wake Michel alimwoa Hélène Joliot, mjukuu wa Marie.