Kabir, mfumaji aliyekataa kufia katika mji mtakatifu

Kwa karne nyingi wazee wa Kihindu, pamoja na wagonjwa waliokata tamaa ya kupona, wamekuwa wakifunga safari kwenda Varanasi, kaskazini mwa India, ili wafie huko. Mji huo ulio kando ya mto Ganga huitwa pia Kashi. Waumini husadiki kwamba mungu Shiva mwenyewe humnong'oneza anayekata roho neno la kumvusha, asizaliwe tena wala kufa tena. Ukombozi huo huitwa moksha. Kwenye ngazi za Manikarnika, ukingoni mwa mto, maiti huchomwa usiku na mchana.

Kabir alikuwa mwenyeji wa mji huo katika karne ya 15. Mapokeo yasema alilelewa na Niru na mkewe Nima, wafumaji wa Kiislamu, naye akaishi kwa kazi hiyo hiyo. Alitunga mashairi kwa lugha ya watu wa kawaida, akiwakosoa makuhani wa Kihindu na makadhi wa Kiislamu bila kubagua.

Jambo lililowashangaza wengi ni mwisho wake. Mzee huyu, ambaye Kashi ilikuwa mlangoni pake, aliondoka akaenda Maghar, karibu na Gorakhpur. Mji huo ulikuwa na sifa mbaya: iliaminika kwamba afaye huko hurudi duniani akiwa punda. Kabir alishikilia kwamba kama mahali pekee panatosha kumwokoa mtu, basi kumcha Mungu maisha yote hakuna kazi. Hata hivyo kuondoka hakukuwa kwepesi. Katika utungo mmoja uliohifadhiwa ndani ya kitabu kitakatifu cha Masingasinga, anajifananisha na samaki aliyetoka majini.

Alifariki Maghar, wengi hutaja mwaka 1518, ingawa wapo wanahistoria wanaotaja miaka ya nyuma zaidi. Yasimuliwa kuwa wafuasi wake waligombania maiti, Wahindu wakitaka kuichoma na Waislamu kuizika. Walipofunua sanda wakakuta maua matupu, wakagawana. Hiyo ni hadithi, lakini majengo mawili ya kumbukumbu yapo Maghar hadi leo, moja la Wahindu na jingine la Waislamu, yakiwa jirani katika eneo moja.