Padri Placide na Jamaa

Padri Placide Tempels alizaliwa Ubelgiji mwaka 1906. Aliingia shirika la Wafransisko, na mwaka 1933 akaja Kongo. Kwa miaka mingi alifundisha kwa bidii, lakini aliona kwamba maneno yake hayaingii mioyoni mwa watu. Ndipo akaanza kuwauliza mawazo yao na kuwasikiliza.

Baadaye alikaa Kolwezi, kati ya wafanyakazi wa machimbo ya shaba. Wakristo wengi walitamani utakatifu. Lakini mume alitoka kazini amechoka, na mke amechoka kwa jiko na watoto. Kanisani walisali pamoja, nyumbani hawakuzungumza.

Hivyo, karibu mwaka 1953, Jamaa ilianza huko Ruwe, karibu na Kolwezi. Mume na mke waliingia pamoja, wakajifunza kufunuliana mioyo. Walifikiri juu ya mambo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Wakaitana Baba na Mama. Padri naye aliitwa Baba.

Mwaka 1962 Padri Placide alirudi Ubelgiji akiwa mgonjwa, akafa mwaka 1977. Jamaa haikufa naye. Mapendo ya kweli huanza nyumbani, kwa kusikilizana.