Kanoni Apolo wa Mboga

Karibu kila Mkristo husema kwamba anamtumaini Mungu, wala hatusemi kwamba ni waongo. Lakini si rahisi kujua tumaini la mtu limesimama juu ya nini maadamu ghala lake limejaa na paa la nyumba yake halivuji. Jambo hilo hujulikana siku ghala linapokuwa tupu. Kwa hiyo tumeona vema mwezi huu tuwaletee habari za Kasisi Apolo Kivebulaya, ambaye Kanisa letu la Kianglikana humkumbuka kila tarehe 30 Mei.

Alizaliwa Buganda karibu na mwaka 1864. Alikuwa pacha, na wazazi wake wakamwita Waswa. Katika ujana wake alimsikia mmisionari Alexander Mackay akifundisha, lakini hakuwa Mkristo mara moja. Kwa muda alifuata Uislamu, akawa askari, akaingia katika vita vya dini vilivyoitikisa Buganda tangu 1888. Alibatizwa mwaka 1895, akachagua jina la Apolo, yule mwalimu hodari tunayesoma habari zake katika Matendo ya Mitume. Jina la Kivebulaya lilikuwa la utani, maana yake kitu kitokacho Ulaya. Alipewa jina hilo kwa sababu alipenda kuvaa koti jekundu la askari juu ya kanzu yake. Basi tusidhani kwamba mtu huyu alizaliwa hapendi vitu vizuri. Alivipenda kama sisi tunavyovipenda.

Mwaka ule ule wa ubatizo wake alitumwa Toro, magharibi ya Uganda, kufundisha. Zilikuja habari za Mboga, ng'ambo ya bonde la mto Semliki, pembeni mwa msitu mkubwa wa Ituri. Waalimu wawili walikuwa wamekwisha kwenda huko wakarudi, na kilichowarudisha ni njaa. Mtawala wa Mboga, Tabaro, hakupenda mafundisho yao juu ya pombe na juu ya kuoa wake wengi, akawakataza watu wasiwape chakula. Hakuwa na haja ya kuwafukuza. Aliyafunga matumbo yao, na miguu yao ikaondoka yenyewe.

Apolo alikubali kwenda mwishoni mwa 1896. Alijua vizuri sababu iliyowarudisha wenzake, kwa hiyo katika mizigo yake alichukua jembe. Hapo tunaomba msomaji asimame kidogo. Wako watu wanaofikiri kwamba kumtumaini Mungu ni kukaa kitako na kungoja kunguru wa Eliya. Apolo hakuwaza hivyo. Aliacha heshima na rafiki zake, akayaweka hayo yote mikononi mwa Mungu, kisha akashika mpini kwa mikono yake mwenyewe. Alipofika Mboga alilima, akapanda, akala jasho lake, na amri ya Tabaro ikawa haina nguvu.

Lakini taabu haikuisha. Dada yake Tabaro aliangukia mkuki akafa, na ingawa ilikuwa ajali, Apolo alishtakiwa kwamba amemwua. Alifungwa minyororo akapelekwa Toro, kwenye boma la Waingereza, akatiwa gerezani. Usiku mmoja, katika dhiki ile, alimwona Bwana Yesu aking'aa kama jua, akimtia moyo aendelee kuhubiri. Hata mwisho wa maisha yake Apolo aliusimulia usiku ule, na tangu hapo vitisho vya wanadamu havikumwogopesha tena. Ilipoonekana kwamba hana hatia alifunguliwa. Angeweza kubaki Toro, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye akarudi Mboga, kwa watu wale wale waliomshtaki.

Huko alipigwa, akadhulumiwa, asiondoke. Mwishowe Tabaro mwenyewe ndiye aliyechoka. Alishindwa kuelewa mtu ambaye ukimnyang'anya kila kitu bado anacho kile alichokuja nacho. Akaomba kufundishwa, akabatizwa kwa jina la Paulo. Ni jina lililomfaa, kwa kuwa naye alikuwa amewatesa watu wa Bwana.

Apolo aliwekwa kuwa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903, akatumika Toro miaka mingi. Mchumba wake alikuwa amekufa zamani, naye hakuoa. Nyumba yake ilijaa vijana na watoto aliowalea kama wanawe. Basi ilipoonekana kwamba sasa atazeeka kwa amani katika kanisa lililokwisha kusimama, jaribu lake lilirudi kwa sura nyingine. Wazungu walipokwisha kukata mipaka yao, Mboga iliangukia upande wa Kongo ya Wabelgiji, na Wakristo wa huko wakabaki bila mchungaji. Apolo alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza alivuka tena Semliki, akaanza upya.

Sisi twaona kwamba safari hii ya pili ilikuwa ngumu kuliko ile ya kwanza. Kijana asiye na kitu huondoka upesi. Mtu mzima aliyekwisha kujenga, kupanda migomba na kuzoea kiti chake, huyo ndiye ambaye moyo wake hushikwa na vitu vyake pasipo yeye kujua.

Kutoka Mboga aliingia msituni kwa Wambuti, watu ambao majirani zao wengi waliwadharau. Aliketi nao katika vibanda vyao vya majani, akajifunza maneno yao, na Injili ya Marko ikafasiriwa katika lugha yao kwa kazi yake. Mwaka 1922 alifanywa Kanoni wa Kanisa kuu la Namirembe. Heshima hiyo haikumtoa msituni.

Alikufa Mboga tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilitaka maiti ya Mganda alazwe kichwa chake kikielekea kwao, upande wa mashariki. Apolo alikuwa ameagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, waliko watu ambao hawajaisikia Injili. Ndivyo walivyofanya.

Kutoka mbegu ile lilikua Kanisa la Kianglikana la Kongo. Dayosisi ya Boga, ndiyo Mboga ile ile, ilianzishwa mwaka 1972, na leo katika makanisa mengi ya mashariki ya nchi hiyo watu humsifu Mungu kwa Kiswahili, lugha yetu hii. Tena wengi wao wamepoteza nyumba na mali kwa vita vya miaka hii, na bado hukusanyika kusali. Tuwaombee.

Nasi tujiulize, kila mtu nyumbani kwake. Si wote tulioitwa kwenda msituni. Lakini je, tunapopanga matumizi ya mwezi, sehemu ya Bwana huwekwa kwanza, au hungoja mabaki? Mwinjilisti wetu wa mtaa aendaye kwa miguu, tumemwachia njaa kama Tabaro alivyowaachia wale waalimu wawili? Na ikiwa Bwana angetuomba leo kitu kile kimoja tunachokiegemea zaidi, tungekitoa, au tungeanza kutafuta sababu?

Mungu atujalie imani ya Kanoni Apolo, na mikono iliyo tayari kushika jembe. Amina.