Khudadad Khan, wa mwisho kwenye bunduki

Hapa Mombasa ukitaja Wabulushi, watu hufikiria Makadara na wale askari wa zamani waliokuja na masultani wa Oman. Khudadad Khan alipigana katika kikosi chenye jina hilohilo, Baluchi wa 129 katika jeshi la India la Mwingereza, ingawa yeye mwenyewe hakuwa Mbulushi. Alikuwa Muislamu wa Punjab, aliyezaliwa mwaka 1888 katika kijiji cha Dab, Chakwal, ambako leo ni Pakistan. Cheo chake kilikuwa sepoi, yaani askari wa chini kabisa.

Vita Kuu ilipozuka Agosti 1914, kikosi chake kilisafirishwa kwa meli mpaka Marseille, Ufaransa. Wakafika mwisho wa Septemba, baridi inaanza. Mwezi mmoja baadaye walikuwa Hollebeke, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji. Wajerumani walitaka kupenya hapo wafike bandari za pwani, ambazo ndizo zilizolilisha na kulipa silaha jeshi la Mwingereza. Sisi watu wa bandari hatuhitaji kuelezwa maana yake.

Mahandaki yenyewe yalikuwa mafupi, yamejaa maji, na seng'enge ya kuzuia adui ilikuwa haba. Wajerumani waliwazidi kwa mbali kwa idadi na kwa mizinga. Baluchi walikuwa na bunduki za rashasha mbili tu.

Tarehe 31 Oktoba adui alishambulia. Zilikuwa siku za Idi ya Mfungo Tatu, mwaka 1332 Hijria. Kombora likaiharibu bunduki moja. Ofisa Mwingereza aliyewaongoza akajeruhiwa. Ikabaki bunduki moja na watu sita, Khudadad mmoja wao, naye tayari ana jeraha. Wakaendelea kupiga. Mmoja baada ya mwingine wenzake watano wakauawa, akabaki peke yake, na bado akaendelea kuitumia ile bunduki mpaka Wajerumani walipomfikia. Walimwacha chini wakidhani amekufa. Usiku ulipoingia akajikokota, damu inamtoka, mpaka akawafikia watu wake.

Kule kuwacheleweshwa kwa adui kuliwapa Waingereza muda wa kuleta askari zaidi, na bandari zikasalimika.

Alipewa Victoria Cross, nishani kubwa kuliko zote za Uingereza kwa ushujaa vitani. Askari wa India walikuwa hawaruhusiwi kuipata hadi mwaka 1911, na yeye ndiye wa kwanza kwa kitendo chake. Lakini Desemba 1914, Mfalme George wa Tano alipokwenda Ufaransa, Khudadad alikuwa bado hospitali, hivyo Darwan Singh Negi, aliyepigana wiki tatu baada yake, akavishwa kabla yake. Khudadad alivishwa na mfalme Januari 1915.

Wako watakaouliza, Muislamu asifiwe vipi kwa kumpigania mkoloni? Swali ni la haki, na hata wakati ule liliulizwa. Wiki mbili baada ya Hollebeke, dola ya Uthmaniya ilitangaza jihadi dhidi ya Uingereza. Kule Rangoon, Januari 1915, askari wa kikosi ndugu, Baluchi wa 130, waligoma kwenda vitani na wengi wakahukumiwa. Kikosi hichohicho baadaye kililetwa kwetu, na Februari 1916 kikapigana katika kilima cha Salaita, karibu na Taveta. Mimi naona waliogoma walikuwa na hoja, na aliyebaki kwenye bunduki alikuwa shujaa. Sioni kwa nini nichague upande mmoja niufute mwingine. Kijana wa Dab hakuulizwa vita viwe vya nani. Alichokuwa nacho siku ile ni wenzake watano kando yake.

Alipona, akaendelea na jeshi, na akastaafu akiwa na cheo cha subedari. India ilipogawanywa mwaka 1947, kwao kukawa Pakistan. Mwaka 1956 alialikwa London, nishani ile ilipotimiza miaka 100.

Alifariki tarehe 8 Machi 1971, akiwa na miaka 82. Jeshi la Pakistan limemwekea sanamu Rawalpindi. Wale watano nao walitunukiwa nishani, za daraja la chini zaidi, baada ya kufa.