Elsa Schiaparelli: Mama aliyeipandisha sweta hadhi

KWA miaka mingi sweta ilikuwa vazi la wavuvi, wanamichezo na yeyote aliyetaka kujikinga baridi. Mmoja wa waliochangia pakubwa kuliingiza vazi hilo katika hafla za matajiri wa Paris ni mwanamke ambaye hakuwahi kusomea ushonaji.

Elsa Schiaparelli alizaliwa Septemba 10, 1890, jijini Roma, Italia. Babaye, Celestino, alikuwa msomi mtajika wa Kiarabu, naye ami yake, Giovanni, alikuwa mwanafalaki aliyesifika kwa kuichunguza sayari ya Mirihi.

Binti huyo hakukubali kufungwa na desturi za ukoo. Mnamo 1911 alichapisha diwani ya mashairi iliyowaudhi wazazi wake, wakampeleka katika nyumba ya watawa nchini Uswisi. Aligoma kula hadi wakamtoa.

Alifunga ndoa jijini London mnamo 1914, na miaka miwili baadaye akahamia New York na mumewe. Mwanawe wa pekee, msichana, alizaliwa 1920. Mume akawatelekeza, kisha mtoto akapatwa na maradhi ya polio. Mnamo 1922 Schiaparelli alirejea Ulaya na kutua Paris, akiwa na mtoto wa kutibiwa na mfuko mtupu.

Kwa mujibu wa tawasifu yake ya 1954, siku moja alivutiwa na sweta ya rafiki yake, ambayo haikulegea kama zile za kawaida. Aliulizia ilikofumwa, akaelekezwa kwa Aroosiag Mikaelian, mwanamke Muarmenia aliyeishi jijini humo. Siri ilikuwa katika nyuzi: uzi wa rangi ya pili ulipitishwa nyuma ya ule wa kwanza na kunaswa kila baada ya vifundo vichache, hivyo kitambaa kikawa kizito na imara.

Schiaparelli alichora sweta nyeusi yenye utepe mweupe shingoni, uliofungwa mithili ya kipepeo. Utepe wenyewe haukuwapo. Ulikuwa kiinimacho kilichofumwa ndani ya sweta. Majaribio mawili ya kwanza hayakuridhisha. La tatu lilifana.

Alipoivaa katika dhifa ya mchana mnamo 1927, mnunuzi wa duka moja la Marekani aliagiza sweta 40 papo hapo, pamoja na sketi zake. Ikabidi wanawake wengine wa Kiarmenia watafutwe haraka ili kazi ikamilike. Muda si muda, nakala zikazagaa Marekani.

Kuanzia hapo nyota yake iling'aa. Mnamo 1934 picha yake ilipamba jalada la jarida la Time. Mwaka uliofuata alihamishia biashara yake katika uwanja wa Place Vendôme, na 1937 akashirikiana na mchoraji Salvador Dalí kubuni gauni lenye picha ya kamba wa baharini. Hata hivyo, mitindo ilibadilika baada ya Vita vya Pili vya Dunia, naye akafunga nyumba yake ya mitindo mnamo 1954. Alifariki Paris mnamo Novemba 13, 1973.

Sweta mojawapo ya aina hiyo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Victoria and Albert, London. Ulimwengu unamkumbuk­a aliyeichora, na ni haki yake. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa: bila mikono ya Mikaelian na wenzake, mchoro ule ungebaki karatasini.