Naftali Temu na Deni la Kiwanja

Sisi watu wa pwani twasema kwamba chanda chema huvikwa pete. Leo katika ukurasa huu nataka kusimulia maisha ya chanda kimoja kilichokuwa chema kuliko vingi katika nchi ya Kenya, kisha tuulizane pamoja iwapo ni haki kukiambia chanda kama hicho kijinunulie pete chenyewe. Mtu mwenyewe ni marehemu Naftali Temu, Mkenya wa kwanza kupata medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki. Alifariki dunia tarehe 10 Machi 2003, na vijana wengi wanaoshangilia wakimbiaji wetu hivi leo hawalijui hata jina lake.

Kilichonifanya nimkumbuke ni mazungumzo niliyoyasikia Londiani. Huo ni mji mdogo wa bara, mpakani mwa nchi ya chai ya Kericho, wenye kituo cha reli ya zamani, misitu ya misonobari na baridi inayomtetemesha mtu wa Mombasa hadi mifupani. Kabla ya reli kufika Eldoret mwaka 1924, mizigo ya kwenda huko ilikuwa ikishushwa Londiani na kupakiwa katika magari ya kukokotwa na ng'ombe. Chuo cha misitu kimekuwapo pale tangu 1957. Chai yenyewe mtu huiona akiteremka kuelekea Kericho, imetandazwa vilimani kama zulia la msikitini.

Jioni moja, barazani kwa mwenyeji wangu, palizuka ubishi. Shule moja ya upande ule, ambayo sitaitaja, iliwaandikia barua wanafunzi wake wa zamani waliowahi kuikimbilia na kuichezea, ikiwataka kila mmoja atoe fungu lake ili kiwanja kisawazishwe na kijengwe chumba cha kubadilishia nguo. Mmoja wa waliokuwapo, aliyepata kusomeshwa ng'ambo kwa ajili ya miguu yake, alishikilia kwamba kutoa ni faradhi, kwani asiyekumbuka kiwanja chake ni mtovu wa shukrani. Mwingine, mwalimu mstaafu, alikataa katakata. Yeye aliiletea shule vikombe miaka minne, akaumia goti, na tangu siku hiyo hakuna aliyebisha hodi kwake kumjulia hali. Kwa maoni yake, mwenye deni si yeye bali ni shule.

Mimi nilinyamaza, nikawa namfikiria Temu.

Naftali Temu alizaliwa mwaka 1945 katika nchi ya Wagusii, jirani na Wakipsigis wa Sotik. Nchi hiyo ni ya milima na miinuko, na mtoto wa huko hujifunza kupanda kabla ya kujifunza kukimbia. Hakulelewa na chuo chochote kikubwa. Jeshi ndilo lililokuwa chuo chake, kama lilivyokuwa kwa jirani yake wa Kericho, Wilson Kiprugut Chuma. Zama hizo jeshi, polisi na magereza ndivyo vilivyokuwa vyuo vikuu vya riadha nchini Kenya. Kijana aliingia huko kutafuta mshahara, na wakubwa wake wakigundua kwamba ana mbio, walimpa muda wa kufanya mazoezi.

Mwaka 1964 Temu alikwenda Tokyo akiwa kijana wa miaka 19 tu, akakimbia marathoni na kumaliza wa 49. Katika michezo hiyohiyo Kiprugut alipata medali ya shaba katika meta 800, nayo ikawa medali ya kwanza ya Olimpiki kupata kuvaliwa na Mkenya. Huenda Temu aliporudi hapana aliyemtazama mara mbili. Lakini mwenye subira hula mbivu. Miaka miwili baadaye, mwaka 1966, Michezo ya Jumuiya ya Madola ilifanyika Kingston, Jamaika. Huko alikuwapo Ron Clarke wa Australia, bingwa aliyekuwa akivunja rekodi za dunia kama mtu avunjaye vijiti. Katika mbio za maili sita Temu alimshinda Clarke kwa zaidi ya sekunde 20. Ulimwengu wa riadha ukashtuka, ukaanza kuuliza kijana huyu ametoka wapi.

Jawabu kamili lilitolewa Mexico City, tarehe 13 Oktoba 1968. Mji huo umeinuka zaidi ya meta 2,200 juu ya usawa wa bahari, na ukitaka kuujua urefu huo huna haja ya kusafiri hadi Mexico, kwani Londiani iko juu kiasi hichohicho. Hewa ya huko ni nyepesi, na kifua cha mtu wa bondeni hakitosheki nayo. Mbio zilikuwa za meta 10,000, mizunguko 25. Zilianza polepole, kila mmoja akimchelea mwenzake na kuichelea ile hewa. Kipchoge Keino, ambaye wengi walimtarajia kushinda, alikuwa na maradhi ya nyongo, na ilipobaki mizunguko michache maumivu yalimzidi akatoka njiani. Ron Clarke alimaliza wa sita, akaanguka na kuzimia, hata ikabidi atiwe hewa ya oksijeni.

Walibaki wawili, Temu na Mamo Wolde wa Ethiopia, askari naye, mkubwa kwa umri na kwa uzoefu. Katika mzunguko wa mwisho Wolde alichomoka kama mshale, akamwacha Temu nyuma. Waliokuwa wakitazama walidhani mambo yamekwisha. Temu hakukata tamaa. Alimfuata hatua kwa hatua, na ilipobaki kiasi cha meta 50 akampita. Saa zilionyesha dakika 29 na sekunde 27.4, mbele ya Wolde kwa chini ya sekunde moja. Mohammed Gammoudi, ndugu yetu wa Tunisia, akawa wa tatu. Kenya, iliyokuwa na umri wa karibu miaka mitano tu tangu Uhuru, ikapata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki.

Wala hakupumzika. Tarehe 17 Oktoba alikimbia fainali ya meta 5,000 na kupata medali ya shaba, nyuma ya Gammoudi na Keino. Tarehe 20 Oktoba aliingia tena katika marathoni, akamaliza wa 19, na mara hii Wolde ndiye aliyeshinda. Kwa jumla Kenya ilirudi nyumbani na medali tisa: tatu za dhahabu, nne za fedha na mbili za shaba. Keino alipata dhahabu ya meta 1,500, Amos Biwott ya mbio za kuruka viunzi na maji, na Kiprugut alipata fedha katika meta 800.

Sasa, msomaji, tulitazame jambo hili kwa jicho la kiwanja. Njia ya kukimbilia kule Mexico ilikuwa ya mpira wa kisasa, mara ya kwanza kutumika katika Olimpiki. Nyumbani Temu alifanya mazoezi juu ya majani na udongo. Kiwanja cha Nyayo kilifunguliwa mwaka 1983, na kile cha Kasarani kikajengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987. Vyote viwili vilikuja baada ya Temu kuzitundika ndara zake. Maana yake ni kwamba Temu na wenzake hawakuwa matunda ya viwanja, bali viwanja ndivyo vilivyokuwa matunda yao. Serikali ilijenga kwa sababu watu hawa waliipa nchi jina, na nchi yenye jina haina budi kuwa na mahali pa kulionyesha.

Wao walipata nini? Sheria za Olimpiki za wakati ule zilimkataza mkimbiaji kupokea malipo. Aliyechukua fedha ya zawadi alifukuzwa asishindane tena. Keino na Ben Jipcho waliondoka katika miaka ya 1970 wakajiunga na mashindano ya kulipwa ya Marekani, wakachuma kidogo. Temu hakuipata bahati hiyo. Alishiriki Olimpiki ya Munich mwaka 1972, asifike fainali, kisha akaacha mbio. Rais Jomo Kenyatta alimpa shamba huko Borabu, na huko akaishi maisha ya mkulima, medali zake zikiwa ndani na jembe likiwa mlangoni. Maradhi ya saratani ya tezi yalipompata, alilazwa katika Hospitali ya Kenyatta mjini Nairobi, na huko akafariki mwaka 2003, akiwa hajatimiza miaka 58. Hakufa tajiri.

Mtu akimwendea mkulima yule wa Borabu na barua ya kumtaka mchango wa kiwanja, angekuwa amemtendea nini? Hapa ndipo naona elimu tuliyoipata vyuoni kwetu, chini ya miguu ya waalimu wetu, yaweza kuwafaa hata watu wa Londiani. Sisi tumefunzwa kwamba zaka ina kiwango chake. Ambaye mali yake haikufika nisabu hatakiwi kutoa, na aliyelemewa na madeni huwa miongoni mwa wanaostahili kupewa. Kumdai mtu asiyekuwa nacho si dini wala si uungwana. Lakini tumefunzwa vilevile kwamba kuna sadaka yenye kuendelea. Mtu huchimba kisima au huweka shamba wakfu, akafa, na kila anywaye maji au alaye tunda humwandikia thawabu mpya. Kiwanja cha shule ni kisima cha namna hiyo. Mtoto atakayekimbia juu yake miaka 50 ijayo hatamjua aliyekisawazisha, na kutojulikana huko hakuipunguzi heri yake.

Basi hukumu yangu inafuata njia hiyo. Wakimbiaji wa leo si wa zama za Temu. Siku hizi zawadi hutolewa wazi, na mwaka 2024 shirikisho la riadha la dunia liliwalipa washindi wa dhahabu mjini Paris dola 50,000 kila mmoja. Mwenye kuvuna hivyo, ikiwa alianza mbio katika kiwanja cha mashimo cha shule ya kijijini, ana haki ya kukumbushwa. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Keino mwenyewe, ambaye hakuwa na mamilioni ya siku hizi, alifungua pamoja na mkewe nyumba ya watoto yatima na shule huko Eldoret, wala hapana aliyemwandikia barua ya kumdai. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Lakini kukumbushwa si kudaiwa, na shule itakayo kupokea haina budi kwanza kujihesabu. Iangalie daftari lake la vikombe, isome majina, kisha iulize kila mmoja yu wapi. Henry Rono alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Washington State huko Marekani alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81 za mwaka 1978. Baadaye alipatwa na dhiki kubwa kabla ya kufariki mwaka 2024. Chuo gani kingethubutu kumpelekea mtu katika dhiki ile karatasi ya mchango? Na wapo akina Rono wengi ambao rekodi zao ni za wilaya tu, wala magazeti hayakuwaandika.

Kwa hiyo yule mwalimu mstaafu hakuwa mchoyo. Alikuwa akidai haki ambayo ingepasa kulipwa kabla yake mwenyewe kuombwa kitu, nayo si fedha. Ilikuwa ni kujuliwa hali, kualikwa siku ya mashindano, kupewa kiti cha mbele, na watoto kuambiwa kwamba mzee huyu anayechechemea ndiye aliyekileta kikombe kile kilichoko kabatini. Aliyetendewa hayo, hata akiwa fukara, atatoa. Asiyekuwa na shilingi atakuja na jembe lake kusawazisha udongo, au atasimama pembeni ya kiwanja saa kumi jioni akiwafunza watoto namna ya kuvuta pumzi.

Temu alilipa deni lake la kiwanja siku ile ya tarehe 13 Oktoba 1968, katika zile meta 50 za mwisho, wala nchi hii haitapata kumrudishia chenji yake. Tunachoweza ni kulitaja jina lake, na kuwatazama mapema, wangali hai, wale waliobaki wa kizazi chake vilimani mwa Kericho, Bomet, Nandi na Gusii, kabla hatujanyoosha mkono kuwaomba.